Wageni wa Jumanne

Faridah hakuwa mtu wa mikutano. Alikuwa mtu wa kazi. Saa kumi na mbili za asubuhi yuko kituo cha basi, saa moja kasorobo yuko kwenye nyumba ya wazee huko Walthamstow, anawaogesha, anawavisha, anawalisha uji wa shayiri wazee wa Kiingereza ambao kwa miaka minane walimwita Freda, na yeye akaitika, maana jina lake liliwashinda na hakuwa na nguvu za kugombana na mtu wa miaka tisini. Alitoka Malindi mwaka wa tisini na moja, akaolewa na Muhiddin, dereva wa basi, wakapewa fleti ya manispaa ghorofa ya nne katika jengo liitwalo Tansley. Lifti mbovu, madirisha ya chuma yasiyofunga, na kuta, ah, kuta zile! Mtu ukilaza kiganja ukutani kinarudi na maji.

Sasa mtu kama huyo aliingiaje kwenye bodi ya kugawa fedha za serikali? Kwa kufungua mlango tu. Lawrence, kijana mrefu wa manispaa mwenye mkoba wa kitambaa, alikuwa akipita mlango kwa mlango akitafuta mwakilishi wa wapangaji wa Tansley. Majirani wote wa Faridah walizima televisheni wakanyamaza kimya kama hawapo. Faridah akafungua. Akamkaribisha ndani, akampa chai na kaimati, na mgeni aliyekwisha kula kaimati zako akikuomba jambo utamnyimaje? Akatia sahihi. Muhiddin alipoamka akauliza, "Umetia sahihi kitu gani?" Faridah akasema hata yeye hakuelewa vizuri.

Alikuja kuelewa polepole. Serikali kuu ilikuwa imetoa ruzuku ya miaka saba kwa mitaa iliyochakaa, ya kutengeneza nyumba na kuinua maisha ya watu. Fedha zilishuka kwa manispaa, manispaa ikaunda bodi ya watu kumi na mmoja: wapangaji watano, polisi, daktari, mwalimu mkuu, mwenye duka la dawa, na wengine wa ofisini. Kila fedha za nyumba zilipotoka, mkaguzi alizunguka akiyapa majengo alama kwa ubaya wake. Jengo lililofika alama kumi na mbili lilikwenda mezani kupigiwa kura. Lisilofika halikusomwa hata jina. Na mwaka ule wa elfu mbili na moja fedha za nyumba zilitosha jengo moja tu. Baada ya hapo, alisema Lawrence, zamu ya nyumba ingerudi baada ya miaka minne.

Miaka minne! Faridah alipiga hesabu ya mtoto wake. Lila alikuwa na miaka tisa na pumu iliyomshika tangu akiwa na mitatu. Baridi ile pekee walikuwa wamekwenda naye hospitali kwa gari la wagonjwa mara mbili, na mara ya pili midomo ilikuwa imeshaingia rangi ya buluu. Daktari alimwambia Faridah waziwazi kwamba dawa zitasaidia, lakini huyu mtoto anavuta ukungu wa ukutani kila usiku, mtoeni humo. Kumtoa kumpeleka wapi? Kwa hiyo Faridah alijua anachokitaka kwenye bodi. Alitaka madirisha, moto wa kupasha nyumba, na ukuta mkavu kabla mtoto hajamfia mikononi.

Barua ya mkaguzi ilikuja wiki mbili kabla. Angefika Jumanne, saa nne asubuhi. Faridah akapanda na kushuka ngazi za Tansley, akabisha milango yote, "Jamani, Jumanne tuna wageni kutoka manispaa. Wanakuja kutazama nyumba zetu. Msiniaibishe."

Hapo ndipo alipoharibu, naye mwenyewe hakujua kwamba anaharibu. Maana ukimwambia mtu wa kwetu kwamba mgeni anakuja, unafikiri atafanya nini? Atangoja mgeni aje aone uchafu? Thubutu! Tansley nzima ilinuka dawa ya kusafishia wiki mbili zile. Watu walisugua kuta kwa brashi za vyoo. Muhiddin alinunua rangi ghali, ile ya mafundi ya kuzuia ukungu, akakwangua chumba cha Lila mpaka kwenye plasta, akapaka mara tatu. Kabati likasukumwa kufunika kona iliyokuwa bado inatoka jasho.

Mlango wa pili kutoka kwake alikaa Angélique, mama wa Gloire, mwanamke wa Bukavu, huko Kongo, ambaye marehemu mumewe alikuwa mwalimu mkuu kule kwao. Alifanya usafi maofisini, na karatasi zake za ukimbizi zilikuwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, mwaka wa sita, zinangoja jibu. Yeye hakuwa na fedha za rangi ya mafundi. Alichukua kitenge chake kizuri kuliko vyote, cha kijani na manjano, akakipigilia misumari midogo kwenye ukuta wa chumba cha mtoto, kuanzia dari mpaka sakafuni. Kikapendeza mno.

Mtu na jirani yake hawa walikuwa hawabishiani hodi. Faridah alikuwa akisukuma mlango wa Angélique, anaingia moja kwa moja mpaka jikoni, anajimiminia chai kwenye kikombe kile kilichovunjika mkono, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanapiga soga huku Angélique anapika. Miaka sita hivyo. Lila na Gloire waliwaelewa mama zao kila neno na kuwajibu kwa Kiingereza, na mama zao waliwacheka.

Mkaguzi akaja Jumanne. Mzee mpole, ana kidude chake chenye misumari miwili cha kupima unyevu. Kila nyumba alikaribishwa. Kwa Faridah alipewa sambusa, kwa Angélique akapewa kahawa katika vikombe vyenye mstari wa dhahabu, vile vya kabatini ambavyo hata Faridah hakuwahi kuvinywea. Mkono mmoja sahani, mkono mmoja kikombe, angepima kwa mkono gani? Alibonyeza kidude hapa na pale palipofikika, akasifu kitenge, akasifu usafi, akaaga kila mtu kwa adabu. Faridah alilala usingizi mnono siku ile, akijua wamejitahidi.

Matokeo yalifika Alhamisi moja ya mwezi Machi, siku tano kabla ya kikao. Tansley alama saba. Jengo la Crane, ng'ambo ya uwanja wa magari, alama kumi na sita.

Faridah aliisoma ile karatasi mara nne akiwa amesimama na koti lake mwilini. Kisha akashuka mpaka uwanjani, akamkuta Albert, mzee wa Crane, mwakilishi mwenzake kwenye bodi, anatembeza mbwa. Akamuuliza, ninyi mlifanya nini hata mkapata kumi na sita?

"Hatukufanya kitu," Albert akasema. "Ndiyo siri yenyewe. Sikuosha hata kikombe. Niliacha ndoo zote za kukinga maji ya paa pale ukumbini, na mbili nikaongeza." Kisha akamtazama vizuri. "Usiniambie mlisafisha."

"Tulipaka rangi," Faridah akasema.

Albert alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona uso wa Faridah na kicheko kikamwishia. Faridah alitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyebisha milango, yeye ndiye aliyesema msiniaibishe.

Alimpigia simu Lawrence. Lawrence akasema kuna kifungu kimoja tu: bodi ikijionea kwa macho yake kwamba mkaguzi alipitwa na jambo, inaweza kulirudisha jengo mezani. Lakini ni kujionea, si kuambiwa. Barua ya daktari? Hapana, inaeleza kifua cha mtoto, haielezi ukuta. Picha? Faridah akapindua albamu zote za nyumbani. Picha za Idi, picha za siku ya kuzaliwa, watu wanacheka mbele ya mapazia. Nani aliwahi kupiga picha uchafu wa nyumba yake? Na jambo la pili, akasema Lawrence, kwa kuwa wewe na Albert mnakaa kwenye majengo yanayoshindana, mtasema mnayotaka kusema, kisha mtatoka nje wakati wa kura.

Jumapili, Angélique aliporudi kanisani, Faridah akaingia jikoni kama kawaida yake. Hakujimiminia chai.

"Mama Gloire, nina ombi. Kwangu Muhiddin amekwangua, hapaonekani kitu. Kwako ukungu uko nyuma ya kitenge. Niruhusu niwalete Jumanne, dakika tano tu."

Angélique aliweka kisu mezani. "Hapana."

"Mtoto wangu anakufa, Mama Gloire."

"Na mimi mutoto wangu? Batu ba manispaa bataandika. Ile karatasi itaenda mpaka Croydon. Batasema uyu mwanamuke anaishi na mutoto mu uchafu, kisha banamukamata Gloire." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nilitembea na uyu mutoto mugongoni kutoka Bukavu. Kila kitu banakichukua, Mama Lila. Ile haya yangu, ile heshima, babakishe."

Faridah alijaribu kumweleza kwamba bodi ni bodi na Croydon ni Croydon. Angélique alitikisa kichwa. Akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Niahidi hautaleta mutu hapa."

"Nimekuahidi," Faridah akasema, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Jumanne saa kumi na mbili jioni bodi ilikaa ukumbini, chini kabisa ya jengo la Tansley. Mwenyekiti alikuwa Daksha, mwenye duka la dawa, Mhindi aliyekulia Kisumu kabla ya kuja Uingereza, mwanamke wa kanuni asiyeongeza dakika wala kupunguza. Akasoma orodha. Crane alama kumi na sita, hakuna jengo jingine lililofikia. Je, kuna neno kabla ya kura?

Faridah akasimama. Akasema kwamba Tansley ilipata saba kwa sababu yeye aliwaambia watu wageni wanakuja, na watu wakasafisha. Mwalimu mkuu aliuliza kwa upole, sasa kama mliweza kusafisha, si tatizo limekwisha? Wawili wakatingisha vichwa kukubaliana naye. Faridah akasema unyevu umo ndani ya ukuta, njooni muone.

Daksha akatazama saa. "Dakika kumi," akasema. "Baada ya hapo tunapiga kura."

Wakapanda ngazi, watu kumi nyuma ya Faridah, wanahema. Akawaingiza chumbani kwa Lila, akalishika kabati akalivuta kwa nguvu zote. Ukuta ulikuwa mweupe. Ukuta ulikuwa mweupe pepe, wallahi, rangi ya Muhiddin imeshika kisawasawa, hata ile kona. Faridah akachukua kijiko cha dawa kilichokuwa kando ya kitanda, akakwangua. Plasta ikadondoka unga wa kijivu. Akawaonyesha kiganjani. Polisi akainama kutazama kisha akainuka, akajipangusa goti.

"Pazuri kuliko kwangu hapa," Albert akasema taratibu, na hakusema kwa ubaya.

Lila alikuwa amekaa kitandani na daftari lake la shule, pampu ya pumu juu ya mto. Alimtazama mama yake akikwangua ukuta mbele za watu, akamuuliza kwa Kiingereza kama wamefanya kosa. Kifua kilipiga filimbi ndogo kila alipovuta pumzi. Daksha akasema zimebaki dakika nne, turudi chini.

Wakatoka kwenye korido. Faridah alikuwa mbele. Alifika mlango wa pili, akasimama.

Nasema kweli, tusimpambe. Hakuteleza, wala hakusahau ahadi. Alijua anachokifanya. Katika miaka sita hakuwahi kumwona Angélique akimrudisha mtu mlangoni, hata wale wauza magazeti ya dini aliowachukia. Akishawaona watu kwa macho, atawakaribisha tu. Faridah alilijua hilo kuliko mtu yeyote London nzima, na akalitumia. Akabisha hodi.

Angélique alifungua akiwa na malapa na kanga ya jikoni kiunoni. Akamwona Faridah. Akaona na wale kumi nyuma yake, suti, makaratasi, sare ya polisi. Uso wake haukubadilika, ila mkono ulikamata ukingo wa mlango. Lawrence akaanza kuomba radhi.

"Karibuni," Angélique akasema. "Karibuni, ingieni."

Akawasogezea viti. Viti havikutosha, akaleta ndoo, akaitandika kitambaa. Akawasha maji ya kahawa. Faridah hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Gloire, akashika kitenge kwa mikono miwili, akakivuta. Misumari ikaruka mmoja mmoja, tak, tak, tak, na harufu ikatoka kabla ya kitu kingine, harufu ya kisima kilichofunikwa.

Ukuta ulikuwa mweusi tangu sakafuni mpaka usawa wa bega, mweusi wenye manyoya, na maji yanatiririka polepole kwenye nyufa. Kitanda cha Gloire kilikuwa kimeegemezwa pale pale. Mto wake ulikuwa na alama ya duara ya unyevu upande wa ukutani. Mwalimu mkuu alitoka nje. Daktari aligusa ukuta kwa kidole kimoja akakifuta kwenye leso, kisha akarudia tena, kana kwamba mara ya kwanza hakuamini.

Angélique alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba na sinia ya vikombe vyenye mstari wa dhahabu. Daksha alimkaribia, yule mwanamke wa kanuni, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu ambacho hakuna aliyejua anacho, "Pole sana, mama."

"Karibu tena," Angélique akajibu.

Kahawa ile hakuna aliyeinywa.

Walipotoka, Faridah alibaki nyuma, kitenge kikiwa bado mikononi mwake. Akafungua kinywa. Angélique akakichukua kitenge, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, huku machozi yanamchuruzika bila sauti.

"Uliniahidi," akasema.

Chini, Faridah na Albert walitolewa nje. Walikaa kwenye ngazi za zege, mlango umefungwa nyuma yao, wanasikia sauti na hawasikii maneno. Albert alitoa biskuti mfukoni akaigawa. Faridah aliishika tu. Aliwaza, wakisema hapana, nimemuuza Angélique bure. Kisha akawaza, wakisema ndiyo, nimemuuza vilevile. Alimwomba Mungu kura ipite, akajiona hana haya hata kuomba.

Lawrence akafungua mlango. Watano kwa wanne. Tansley.

Albert alimpa mkono, akasema ndoo zake zimezoea, zitangoja hiyo miaka minne. Faridah alilia pale ngazini kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa pamoja, asijue lipi ni lipi.

Mafundi waliingia mwezi Juni. Wakang'oa madirisha ya chuma, wakakausha kuta, wakavisha jengo zima koti la nje la kuzuia baridi, wakafunga moto kila chumba. Hakuna mtu aliyekuja kumchukua Gloire. Na Croydon, ikaonekana, haikuwa na habari na ukuta wa mtu. Karatasi za Angélique zilitoka mwaka uliofuata, na jibu lilikuwa ndiyo. Baridi iliyofuata Lila hakwenda hospitali hata siku moja. Januari nzima Faridah aliamka usiku kusikiliza mlangoni mwa chumba cha Lila, na alichosikia ni pumzi za mtoto aliyelala.

Sasa kila Jumapili jioni Faridah huvaa kanga safi, huchukua sahani ya kaimati, hutembea hatua kumi na mbili mpaka mlango wa pili. Hausukumi. Anabisha hodi. Kutoka ndani husikia sauti ya Angélique ikimwambia angoje kidogo, kisha husikia ufagio unapita, viti vinapangwa, kabati linafunguliwa. Dakika tano, wakati mwingine saba, amesimama koridoni na sahani yake inapoa. Halafu mlango hufunguliwa wazi, na Angélique yupo, amebadilisha nguo, amechana nywele. Meza imetandikwa. Juu ya meza vipo vikombe vyenye mstari wa dhahabu.

"Karibu, Mama Lila," humwambia kwa adabu zote. "Karibu, ukae."

Na Faridah hukaa kwenye kiti.